Sauti Zinazotoka Nyuma ya Goli

Golikipa ndiye mchezaji pekee anayefanya kazi yake akiwa amewapa mgongo watu wanaomsema. Mshambuliaji akikosa bao hukimbia kurudi katikati ya uwanja na kelele zikamwishia njiani. Kipa hubaki palepale, hatua chache kutoka kwenye waya, na kila neno linalosemwa nyuma yake humfikia kwa sauti ya mtu ambaye pengine anamfahamu kwa jina. Mimi nilidaka katika timu ya Ligi Daraja la Kwanza iliyokuwa ikicheza mechi zake za nyumbani kwenye Uwanja wa Jamhuri, Morogoro, kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini, na baadaye nikawa mwalimu wa makipa wa vijana katika mji huohuo. Jina la timu sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza yanawahusu watu ambao hawana nafasi ya kujibu hapa. Miaka ile ya kusikiliza imenifanya nitofautiane na wengi kuhusu kipi ni kumkosoa mchezaji kwa heshima na kipi ni kumdhalilisha. Wengi hupima kwa ukali wa sauti. Mimi nimekosolewa kwa kelele na mtu aliyenijenga, na nimebomolewa na mtu aliyezungumza kwa upole bila kutamka tusi hata moja.

Aliyenijenga alikuwa mzee mmoja fundi baiskeli, ambaye kila mechi ya nyumbani alilipa kiingilio cha mzunguko na kusimama nyuma ya goli langu. Kipindi cha kwanza kikiisha hakwenda kununua maji wala karanga. Aliuzunguka uwanja taratibu, akiuvuta mguu wake mmoja, ili kipindi cha pili kianze akiwa amekwishafika nyuma ya goli ninalohamia. Kwa dakika zote tisini hakunyamaza. "Kipa, toka! Krosi ya ndani ya boksi la sita hiyo, unamwachia nani?" "Ukuta wako umeuweka wapi, mbona nguzo ya kwanza iko wazi?" "Usiutemee mbele, upangulie nje!" Na siku nilipochoma, kama tunavyosema wenyewe kwa kipa anayefungwa bao la kizembe, alinitamkia wazi mbele ya watu kwamba mpira ule hata mjukuu wake angeudaka, tena akiwa na kipande cha mkate mkononi. Waliomzunguka walicheka mpaka wakashikana mabega, na mimi sikuwa na pa kuuficha uso.

Jumatatu iliyofuata nilimpelekea baiskeli iliyopasuka tyubu. Alikuwa ameinamia beseni la maji, anaizungusha tyubu polepole akitafuta mapovu, na hakuniinulia macho aliposema: "Wewe kijana, kabla mtu hajapiga, unahamishia uzito mguu wa kushoto. Kila mara. Mimi na macho yangu haya naona, mpigaji hataona?" Wakati ule timu nyingi za daraja letu hazikuwa na mwalimu wa makipa, kocha mmoja aliwafundisha wote, na sisi makipa wawili tulipewa mipira na kuambiwa twende pembeni tukapigiane. Hakuna aliyewahi kuniangalia miguu. Nilimweleza kocha, naye akawapanga washambuliaji wapige kutoka ukingoni mwa eneo la kumi na nane huku yeye amesimama nyuma ya nyavu. Baada ya mashuti machache alicheka peke yake, akasema mzee yule alipwe mshahara. Tabia ile ilinichukua muda mrefu kuiacha, lakini nusu ya mabao niliyokuwa nikifungwa upande wa kulia yaliondoka nayo.

Nimeyarudia mara nyingi maneno ya mzee yule ili kuelewa kwa nini hayakuniumiza, maana kwa ukali yaliyazidi ya wengi. Naona yote yalikuwa yanaelekea kwenye mpira, mikono, miguu, au mahali nilipojiweka, na takriban yote yaliishia kwenye jambo la kufanya: toka, sogea, panga ukuta, pangua nje. Hakuwahi kusema mimi ni mtu wa namna gani. Hata ule mkate wa mjukuu ulihusu mpira mmoja wa dakika moja. Aliponiona mjini aliniita "kipa wetu", na hilo "wetu" hakuliondoa tulipofungwa.

Mipaka ya jambo hili haiko wazi kila mara, na sipendi kuifanya ionekane rahisi. Kwetu mtu huambiwa amenenepa hata msibani, na aghalabu hakuna anayechukia. Shabiki anaposema beki amenenepa kiasi kwamba hawezi tena kurudi kukaba, anazungumzia kazi, hata kama beki mwenyewe atanuna wiki nzima. Akimwita nguruwe, kazi imekwisha kutoweka kwenye maneno yake. Vivyo hivyo kuzomea: mtu aliyelipa kiingilio na kusimama juani ana haki ya kuonyesha kwamba hakupenda alichokiona, na mchezaji anayedhani mashabiki wanadaiwa makofi wakati wote hajui anakula kutoka wapi. Mimi binafsi huona afadhali kuzomea kuje baada ya filimbi ya mwisho, kwa sababu mchezaji anayezomewa na watu wake dakika ya 20 huanza kuukimbia mpira, na timu inabaki na watu kumi. Hiyo lakini ni busara ya mchezo tu, na shabiki akinipinga katika hilo sitamwita mkosefu wa adabu.

Sasa nimfikie yule mpole. Alikuwa mjumbe wa kamati iliyoshughulikia hamasa, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mfukoni, anayewaamkia wazee kabla hajaketi. Tulifungwa nyumbani mabao mawili, yote ya kona, na ya pili nilitoka nikaukosa mpira mbele ya kila mtu. Vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa na madirisha yaliyo juu, yasiyofungwa, na nje yake mashabiki walikuwa wamekusanyika wakisubiri basi la timu. Nikiwa nafungua kamba za viatu nilimsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayetuliza ugomvi: "Jamani, tusimlaumu kijana. Maisha ni magumu na kila mtu ana shida zake. Mimi ninauliza tu, kwa nia njema kabisa: jana usiku pale Msamvu alikuwa anaonana na nani?"

Ni kweli usiku ule nilikuwa stendi ya Msamvu. Nilikwenda kumpokea mdogo wangu aliyetoka Dodoma na gunia la karanga, na kijana mmoja mchukuzi alitubebea gunia lile mpaka barabarani, nikatoa hela mfukoni nikamlipa. Aliyepeleka habari kwa mjumbe alikuwa ameona hela zikipita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na katika kusimuliwa upande ulibadilika, hela nilizotoa zikawa hela nilizopokea. Jioni ileile kiasi kilikwisha kutajwa, laki mbili. Katikati ya wiki kilikuwa laki tano, na mtoaji alikuwa na cheo katika timu iliyotufunga.

Kilichofuata kilikuwa kimya kimya, na ndiyo maana kilikuwa kigumu kukishika. Mabeki waliacha kunirudishia mpira. Beki wa kati niliyelala naye chumba kimoja kambini alikuwa anageuka, ananiona niko peke yangu bila adui hata mmoja karibu, kisha anaubutua mpira nje ya uwanja. Hakuwa ananichukia, usiku tuliendelea kula sahani moja. Aliogopa tu kwamba nikikosea baada ya pasi yake, na yeye ataambiwa alikuwa na fungu lake. Mke wangu alikwenda kununua mboga soko la Mawenzi na mwanamke wa nyanya aliyemzoea akamwambia huku anacheka, "Mama, leo hunibembelezi bei, nyumbani kwako si zimeingia za mechi?" Alirudi na kikapu nusu, akanieleza huku anaosha nyanya, na hakuniuliza kama ni kweli. Alinyamaza kwa namna iliyonifanya nitamani angeuliza.

Kuna jambo jingine ambalo nililiona baadaye, nilipotulia. Kabla ya mechi ile, swali lililokuwa midomoni mwa mashabiki lilihusu mapato ya mlangoni yalikokwenda, kwa sababu sisi wachezaji tulikuwa hatujalipwa mishahara kwa miezi, na wao walikuwa wanaona watu wanaingia uwanjani kila mechi. Baada ya neno la Msamvu hakuna aliyeuliza tena kuhusu mapato. Swali lilikuwa ni kipa. Nikawekwa benchi "kwa usalama wangu" mpaka msimu ulipokwisha, na viongozi wakamaliza mwaka bila kusomewa hesabu. Sisemi yule mjumbe alitumwa. Ninasema tuhuma ile iliwafaa watu ambao hawakuwahi kuitamka.

Tofauti kati ya mzee wa baiskeli na mjumbe mpole ipo hapo, na ndiyo maana siamini kipimo cha ukali. Maneno ya mzee niliweza kuyajibu Jumamosi iliyofuata kwa kutoka golini na kuikamata krosi. Mtu anayeambiwa ameuza mechi atajibu kwa kufanya nini? Akidaka vizuri, anajisafisha. Akifungwa, si mnaona? Hata akikaa kimya nyumbani, anahesabu hela. Tuhuma ya usaliti humtoa mchezaji kwenye mchezo wenyewe, mahali ambapo angeweza kujirekebisha, na kumweka kwenye kesi isiyo na hakimu wala siku ya hukumu.

Mpenzi yeyote wa mpira wa nchi hii anajua jinsi neno hilo lilivyo jepesi kwetu. Simba ilipoifunga Yanga mabao 5-0 Mei 2012, na Yanga ilipolipa kwa 5-1 Novemba 2023, katika vijiwe vingi vya upande uliofungwa mazungumzo hayakudumu sana kwenye nafasi zilizoachwa nyuma ya mabeki wa pembeni au viungo waliochoka. Yaliruka haraka kwenda kwenye nani kala hela. Ni rahisi kuelewa sababu yake: kukubali kwamba mtani amekuzidi mpira ni kuchungu, lakini kuamini kwamba umesalitiwa na mtu mmoja kunaiacha timu yako ikiwa bora bado. Mchezaji hutolewa kafara ili heshima ya jezi ipone. Na kwa kuwa anayetolewa mara nyingi ni kipa au beki wa kati, watu ambao makosa yao huonekana na kila mtu, sioni ajabu kwamba vijana ninaowafundisha wote hutamani kuwa washambuliaji.

Dunia nzima ina kisa kimoja ambacho makipa tunakijua vizuri kuliko tunavyopenda. Tarehe 16 Julai 1950, kwenye uwanja wa Maracanã, Brazil ilihitaji sare tu na Uruguay ili kutwaa Kombe la Dunia nyumbani. Ikafungwa 2-1, na bao la pili Ghiggia wa Uruguay alilipitisha upande wa nguzo ya karibu ya kipa Moacyr Barbosa. Barbosa alikuwa miongoni mwa makipa bora wa wakati wake, na kosa lenyewe, ukiliangalia kwa jicho la ufundi, ni la hatua moja: alitarajia krosi kama ile iliyoleta bao la kwanza, akaliachia pengo. Hilo lingeweza kusemwa kwa sentensi moja na kufundishiwa makipa wa Brazil vizazi vyote. Badala yake watu wa nchi yake walimbebesha kilio cha taifa, na kwa kuwa alikuwa mweusi, kosa lake likageuzwa kuwa sababu ya kuwashuku makipa weusi baada yake. Alifariki mwaka 2000. Mwenyewe alilalamika kwamba kifungo kirefu kabisa katika sheria za nchi yake kilikuwa miaka 30, naye alikuwa ametumikia hamsini kwa kosa ambalo halikuwa jinai.

Watu hunijibu kwamba sisi Waswahili ni watu wa utani, na mchezaji asiyevumilia utani aende akalime. Utani ninaupenda, nimelelewa ndani yake, na watani wa jadi wa Kariakoo wasingekuwa na ladha bila huo. Lakini utani una wawili. Mtani akikucheka leo anajua kesho utamcheka yeye, na wote mnajua mpaka ulipo kwa sababu kila mmoja ana mdomo. Mchezaji hana namna ya kuwatania mashabiki wa timu yake. Akijibu kidogo anaambiwa ana dharau. Akinyamaza anaambiwa amekiri. Shabiki wa timu pinzani aliyeniimbia nyimbo za kejeli tangu nashuka kwenye basi hakuwahi kuninyima usingizi, maana ilikuwa ndiyo kazi yake na tulikuja kunywa naye kahawa. Maneno yaleyale yakitoka nyuma ya goli langu, kwa watu waliovaa rangi yangu, yalikuwa na uzito mwingine kabisa.

Oktoba 2019 nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja, chumba cha kulipia kuangalia mpira kwenye runinga, mjini Morogoro, Arsenal ikicheza na Crystal Palace, na zaidi ya nusu ya waliokuwa ndani walikuwa mashabiki wa Arsenal. Arsenal iliongoza 2-0, ikarudishiwa mpaka 2-2, na nahodha Granit Xhaka alipotolewa akatembea polepole. Mashabiki wa Arsenal waliokuwa Emirates, uwanja wao wa nyumbani, wakamzomea, naye akaweka mkono sikioni, akavua jezi, akaingia ndani moja kwa moja. Kibanda kilipasuka kwa kelele, na nilichokitambua, kwa kuwa masikio yangu yamezoea kuchambua, ni kwamba kelele zile zilikuwa za aina mbili zilizochanganyika. Wapo waliosema ni mzito kugeuka, anakabia nyuma mno, anatoa faulo na penalti zisizo na sababu. Wote hao walikuwa na hoja. Kijana mmoja karibu na mlango alikuwa anataka avunjwe miguu. Siku chache baadaye Xhaka mwenyewe alieleza aliyokuwa akiandikiwa kwa muda mrefu: kwamba atavunjwa miguu, mke wake auawe, binti yake apate saratani. Alivuliwa unahodha.

Kisa chake kinanivutia kwa yaliyotokea baadaye kuliko kwa siku ile. Mikel Arteta alipokuja kuwa kocha Desemba mwaka uleule alimshawishi abaki, na baada ya muda akamsogeza mbele, upande wa kushoto, mbali na eneo lililokuwa linamletea kadi na penalti. Yaani marekebisho yalipita mlemle walimokuwa wanasema wale wakosoaji wa mpira: asikae nyuma, apunguziwe kugeuka mbele ya lango lake. Mei 2023, katika mechi yake ya mwisho dhidi ya Wolves, alifunga mabao mawili na uwanja uleule ukamwimbia abaki. Akahamia Bayer Leverkusen na kutwaa ubingwa wa Ujerumani msimu uliofuata timu yake ikiwa haijafungwa hata mechi moja ya ligi. Waliokuwa wanamtakia mtoto wake ugonjwa hawakuongeza chochote katika safari hiyo ya kurekebishika.

Loris Karius, kipa wa Liverpool, hakupata bahati hiyo. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa jijini Kyiv, Mei 2018, aliurusha mpira ukagonga mguu wa Benzema wa Real Madrid na kuingia, kisha shuti la mbali la Bale likampita mikononi, Liverpool ikafungwa 3-1. Baada ya mechi aliwaendea mashabiki wake akilia, amekunja mikono kuomba radhi, na wengi waliokuwa pale uwanjani walimpigia makofi. Vitisho vya kumuua vilitoka kwa watu ambao hawakuwa wanamwona uso. Siku chache baadaye madaktari wa hospitali ya Massachusetts General ya Marekani walieleza kwamba alikuwa amepata mtikisiko wa ubongo katika mechi ileile, ambamo aligongana na Ramos, beki wa Real Madrid. Hakuwahi tena kuidakia Liverpool mechi ya mashindano. Sisemi kipa asikosolewe kwa kuwa huenda anaumwa. Shuti la Bale lilikuwa la kudakwa, na nimewaonyesha wanafunzi wangu picha zake mara nyingi ili waone mikono ilivyochelewa. Mtu anaweza kuyasema yote hayo bila kumtakia kifo.

Upande wa pili nao usifichwe. Wapo wachezaji waliogundua kwamba neno "matusi" ni kinga nzuri, na siku hizi kila anayewaambia wamekimbia mita chache anaitwa mwenye chuki. Nilicheza na winga mmoja mwenye kipaji kikubwa ambaye alikuwa anakuja mazoezini ananuka pombe. Mashabiki walijua, maana walimwona baa. Kundi moja lilimtungia wimbo uliomtaja mama yake mzazi, na hilo lilikuwa la aibu. Lakini wazee wawili walimfuata nahodha wetu kambini, wakamwita pembeni na kumwambia wazi kwamba winga anakunywa usiku wa kuamkia mechi, wamemwona kwa macho yao, na wanalipa kiingilio kuangalia mtu aliyelala. Winga alipoitwa alilia kwamba anaandamwa, akaunganisha wimbo na maneno ya wazee kuwa kitu kimoja. Nahodha hakukubali. Alimwambia wimbo ataushughulikia yeye, atakwenda kuongea na wale vijana, lakini la wazee sharti winga mwenyewe alijibu, leo, kabla ya mazoezi. Sikuwahi kuona mtu akizitenganisha kesi mbili kwa usahihi namna ile.

Nilipoanza kufundisha watoto, nilidhani tatizo langu litakuwa mikono yao midogo. Tatizo likawa baba zao. Siku za mechi walijipanga pembeni mwa uwanja, na mtoto wa miaka 13 akitema mpira, anayemfokea kwa sauti kubwa kuliko wote ni aliyemleta. Baba mmoja alimwambia mwanawe mbele ya wenzake kwamba ameuaibisha ukoo. Baada ya mechi nilimwomba anisaidie: aniambie, yeye aliyekuwa karibu, mtoto alikosea nini hasa. Alifikiri, akasema, "Mwalimu, kachoma tu." Nikamuuliza mikono ilikuwa wapi, magoti yalikuwa yamekunjwa au yamenyooka, mpira ulidunda mbele yake au ulikuja moja kwa moja. Hakujua. Hakuwa mtu mbaya, na mwanawe alimpenda. Hakuwa tu na maneno ya kuusemea mpira, kwa hiyo alitumia maneno aliyokuwa nayo, na hayo yalihusu ukoo.

Tangu hapo niliwaalika wazazi mazoezini, wakakaa nyuma ya goli huku ninafundisha, nikawa ninayataja mambo kwa majina mbele yao: kusimama, kupunguza pembe, kuita mpira, kutoka na kusita, kuuweka mwili nyuma ya mikono. Sikuwakataza kufoka. Baada ya muda ukosoaji wao haukupungua ukali hata kidogo; nadhani uliongezeka, kwa sababu sasa waliona makosa ambayo zamani yaliwapita. Ila ulibadilika mwelekeo. Baba yuleyule alikuja kuwa msumbufu kuliko wote, anapiga kelele "pembe! pembe! umeacha pembe!" mpaka mwamuzi akamwomba asogee, na mtoto akawa anasogea kweli, nusu hatua kulia, bila hata kumwangalia.

Lililobaki kuwa gumu ni la kuuza mechi, kwa sababu tuhuma hiyo wakati mwingine ni ya kweli. Mwaka 2016 TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, ilizishusha daraja timu nne za Ligi Daraja la Kwanza kwa kupanga matokeo, baada ya mechi mbili kumalizika kwa mabao saba na manane bila majibu. Kuwaambia mashabiki wafumbe midomo kungekuwa kuwalinda wezi. Kwa hiyo, kikosi chetu cha vijana wakubwa kilipoanza kucheza ligi ya mkoa, tulikubaliana na wanachama kwamba mwenye shaka kuhusu mchezaji aiandike, aweke jina lake na namba ya simu, aikabidhi kwa katibu. Na ambaye hayuko tayari kuweka jina asiitamke uwanjani. Wengi walilalamika kwamba tunawaziba watu. Minong'ono ilipungua, sitasema iliisha.

Kisha siku moja barua ikaja. Aliyeiandika alikuwa muuza vocha karibu na kiwanja chetu cha mazoezi, na haikumtuhumu mtu kuuza chochote: ilisema mwanamume asiyemfahamu amekuja mara kadhaa akimuulizia kipa wetu wa miaka 19, akaacha namba, na kipa anaonekana kumkwepa. Tulimwita kijana yule mimi na katibu, bila mtu mwingine. Alitoa simu, akatuonyesha ujumbe wa mtu aliyekuwa anamwahidi hela ya kubashiria endapo ataruhusu mabao mawili kipindi cha kwanza, na majibu yake mwenyewe ya kukataa. Alikuwa amekaa nayo kwa siku kadhaa kwa hofu kwamba akisema, watu watauliza kwa nini alitafutwa yeye na si mwingine. Tuliipeleka barua pamoja na ujumbe ule kwenye chama cha mpira cha wilaya, tukawaeleza wachezaji wenzake kilichotokea kabla hawajakisikia mtaani, na Jumamosi akaanza golini.